Dirisha la Duara Nyuma ya Jiko

Kabla sijasema la chuo, niseme kwanza la punda. Mjomba wangu Lazaro alinunua punda mnadani Oldonyo Sambu, punda jike, tumbo jeupe, macho ya mtu aliyedhulumiwa urithi. Mjomba hakuwahi kumiliki punda maishani. Alikuwa Mmeru wa migomba na kahawa, anajua ng'ombe wa kufungia ndani, basi. Lakini siku ile alikuwa ameshiba nyama na ameshushia na vitu, na muuzaji, Mwarusha mmoja mrefu, akamwambia, "Huyu, mzee, anatembea mwenyewe. Wewe mwonyeshe njia tu." Mjomba akamwonyesha njia. Punda akaitazama. Akaendelea kuitazama.

Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini, kazi sina, viatu nimeazima. Kutoka Oldonyo Sambu kuuzunguka mlima hadi kwetu upande wa mashariki ni mwendo hata ukiwa peke yako. Mjomba alivuta mbele, mimi nikasukuma nyuma. Mara mbili punda alinipiga teke la paja, na paja hilo sasa mvua ikikaribia linanipa taarifa mapema kuliko redio. Siku ya kwanza tulilala kwa shemeji yake mjomba, ambaye alitucheka hadi akasahau kutupa chakula. Siku ya pili, saa nne asubuhi, punda akafika mbele ya geti moja lenye nguzo za mawe, akaona panamfaa, akalala. Katikati kabisa. Gari la mkuu lilikuwa linataka kutoka, likabaki linanguruma kwa ndani.

Lile lilikuwa geti la chuo cha ualimu. Nilikuwa nalipita tangu utotoni na sikuwahi kujiuliza kuna nini ndani.

Akatoka mtu mfupi, kofia ya sufu, mkononi ana mkungu wa funguo kama mkungu wa ndizi. "Nani ametuletea punda siku ya mitihani?" Mjomba akaninyooshea mimi kidole, Mungu amrehemu. Yule mtu hakugomba. Alirudi ndani, akaja na magadi kiganjani, akayaweka puani kwa punda. Punda akasimama kama askari. Kisha akamwambia mjomba, "Punda nenda naye. Huyu anayesukuma niachie. Mtu aliyesukuma punda kutoka Oldonyo Sambu bila kutukana anafaa kazi ya majengo."

Nilikuwa nimetukana. Nilitukana kimyakimya tangu tunaondoka. Lakini kazi ni kazi, nikanyamaza. Ndivyo nilivyoingia chuoni, na sasa nimestaafu, na ninyi vijana wa idara ya majengo mmeniomba niandike. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkiona sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe. Mambo ya mshahara na vyeo siandiki. Hayana utamu, na mengine yananitia hasira.

Yule mtu mfupi ndiye Mzee Sifaeli, mkubwa wa majengo, mwalimu wangu. Siku ya kwanza hakunipa hata fyekeo. Alinizungusha tu. Akanionyesha ukumbi wenye paa la vigae na kunivua viatu. "Vigae vinapandwa peku. Ukipanda na viatu, unarekebisha kimoja unavunja vitatu, halafu unakuwa na kazi ya maisha." Akanionyesha tangi la maji la mawe, akaligonga kwa ufunguo kuanzia juu kwenda chini, na pale sauti ilipobadilika ndipo maji yalipoishia. Mpaka leo sikihitaji kipimo chenu kile cha plastiki. Akanionyesha boila ya jikoni, ambayo wapishi waliiita Bibi kwa sababu asubuhi lazima uisalimie kwa kuipiga kofi ubavuni ndiyo ianze kupumua. Akanifundisha kwamba gata zinasafishwa kabla ya mvua. Najua mnacheka. Nimefanya kazi na wakuu sita, na wote walikuwa wanaagiza gata zisafishwe mvua ikishaanza.

Mwisho kabisa alinipeleka chini karibu na kijito, kwenye kijengo cha mawe na udongo, paa la bati lililooza. Stoo ya viazi. Pale mlangoni Mzee Sifaeli akavua kofia. Akasema hapa ndipo chuo kilipoanzia. Wazazi wa mteremko huu, akina mama hasa, walibeba mawe haya mtoni kwa vichwa, na darasa la kwanza lilikaa humu juu ya vigogo vya migomba. Alisema mengi. Mimi, niseme ukweli, nilikuwa nasikia harufu ya makande kutoka jikoni, nikawa naitikia, "Ndiyo, mzee, ndiyo, mzee," roho iko kwenye sufuria.

Mzee alikuwa na sheria moja: mgeni asiachwe mbele ya jengo bila kuambiwa neno. Chuo chetu ni cha siku nyingi, wageni hawaishi, na kazi ya kuwatembeza ilikuwa yake, kwa kuwa walimu waliona jua kali. Alipostaafu akaenda kukaa kwa binti yake kule Momela, kazi hiyo ikaniangukia pamoja na funguo.

Wiki ya kwanza tu wakaja wageni wa kwaya kutoka Kisongo. Nikawatembeza vizuri: ukumbi, tangi, maktaba. Tulipopita nyuma ya jiko, mama mmoja mnene, kitambaa cha njano, akasimama.

"Baba, na haka kanyumba?"

Nikakaangalia. Kanyumba ka mawe, kafupi, kana dirisha moja la duara usawa wa kifua. Nilikuwa nakapita kila siku. Mzee Sifaeli hakuwahi kuniambia habari zake, nami sikuwahi kuuliza. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Hapo, mama, ndipo alipolala mwalimu wa kwanza wa chuo hiki."

"Mbona dirisha la duara?"

"Alikuwa anafundishia hapo, mama. Yeye ndani, wanafunzi nje. Kwa sababu ya mvua."

"Sasa mvua ikamnyeshea nani?"

"Wanafunzi."

Akatafakari. "Ndiyo maana wa zamani walisoma kweli."

Wote wakaitika, "Kweli kabisa." Mmoja akaweka mkono juu ya jiwe, akafumba macho. Jamani, mimi niliondoka pale sikanyagi chini. Hakuna mtu aliyewahi kufumba macho kwa sababu ya neno langu!

Basi, ikakua. Kundi lililofuata nikawaongezea wanafunzi saba. Lililofuata nikawapa majina. Mwalimu nikampa ndevu, kisha malaria, kisha fidla, na fidla hiyo ilinisumbua baadaye kwa sababu mgeni mmoja alitaka kuiona, ikabidi niseme ililiwa na mchwa. Halafu kulikuwa na mwanafunzi anaitwa Zakayo, kijana mzuri, anaogopa hisabati kama watu wanavyoogopa nyoka. Asubuhi ya mtihani nikamkuta amekaa kwenye ngazi za jiko analia. Nikamwonea huruma. Nikamwambia, "Nenda kaingize kichwa kwenye lile dirisha, taja jina lako mara tatu. Mwalimu wa kwanza alikuwa anaita majina hapo, na aliyeitikia hakufeli." Akaenda. Akafaulu. Kuanzia hapo, kila msimu wa mitihani, foleni nyuma ya jiko. Wanachuo wazima, wengine wana ndevu, wengine wana watoto nyumbani, wanainama mmoja mmoja: "Eliakunda, Eliakunda, Eliakunda." Wapishi walikuwa wanachelewesha uji ili waangalie.

Nilikwenda Momela kumsalimia Mzee Sifaeli. Nilimkuta amekaa kigodani anapukuchua mahindi. Nikamsimulia kwa fahari.

"Kanyumba kapi?" akauliza.

"Kale ka nyuma ya jiko, kenye dirisha la duara."

"Ka nguruwe?"

Nikaokota hindi moja, nikaanza kulipukuchua.

"Lile ni banda la nguruwe, Anaeli. Lilijengwa na mmisionari aliyependa nguruwe. Walikuwa wanne. Lile tundu ni la mpishi kumwagia makombo." Akanitazama. "Wanaingiza nini?"

"Vichwa, mzee."

Alicheka mpaka kofia ikaanguka kwenye mahindi. Binti yake akatoka mbio akidhani anapaliwa, akampiga mgongoni, akasimuliwa, naye akakaa chini. Tulicheka watatu mpaka kuku wakahama uani. Kisha Mzee akajifuta macho, akauliza kwa upole, "Na ile ya viazi? Unawaambia?"

"Nawaambia, mzee."

Siyo kweli. Ya viazi nilikuwa naipita haraka, nasema, "Hapa stoo, tuendelee." Haikuwa na ndevu wala fidla. Mzee alifariki akiamini nawaambia. Nilipaswa kuacha uongo ule siku ileile, na sikuacha, kwa sababu ulikuwa unapendwa na mimi nilikuwa napendwa nao. Nimeandika hivyo ili msije mkasema baadaye kwamba sikuandika.

Sasa tuje kwenye jubilei ya chuo, mwaka wangu wa mwisho kazini. Bodi ya chuo iliamua kujenga bweni jipya. Kiwanja kilichopo kimebanwa na majengo mawili ya zamani, moja lazima libomolewe na moja litabaki kama kumbukumbu. Wakasoma historia. Historia nani aliitoa? Mimi. Kanyumba kangu kakapigwa chokaa, kakawekewa kibao: Darasa la Kwanza. Stoo ya viazi ikachorwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na mkandarasi akaambiwa aanze Jumatatu baada ya sherehe.

Mwalimu Neema, binti mchangamfu anayefundisha historia, akanifuata na daftari. "Shikamoo babu. Nimemaliza kitabu cha jubilei. Aisee, sura ya kwanza yote ni wewe! Nimeweka na picha yako."

"Marahaba. Picha nina kofia au sina?"

"Unayo."

"Vizuri," nikasema. Alipoondoka nikaenda kusimama mbele ya ile X. Bado ilikuwa inachuruzika. Nikaona yale mawe, kila moja saizi ambayo kichwa cha mtu kinaweza kubeba, na nikajua kwamba banda la nguruwe limepona na mlima mzima wa akina mama unakwenda kubomolewa, kwa mdomo wangu.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwenye mpaka wa shamba kukata isale. Kwa msomaji asiye wa huku: isale ni ule mmea wenye majani marefu tunaoupanda mipakani. Mtu akikukosea akakuletea jani la isale, amekuja kuomba msamaha, na ukilipokea huwezi kumkatalia. Hata damu imesamehewa kwa isale. Mke wangu alinikuta na panga.

"Unamkatia nani hilo?"

"Mkuu wa Chuo."

"Umeiba?"

"Sijaiba."

"Basi umesema."

"Nimesema."

"Kata mawili."

Nikaingia ofisini kwa Mkuu, mikono yote miwili mbele. Mkuu wetu ni kijana kwangu, mtu wa Songea, mwema sana. Akasimama. "Shikamoo mzee wangu! Aa, umeniletea maua!" Akayapokea, akayatia kwenye glasi aliyokuwa anaywea maji, akayapanga kwa kidole, moja huku, moja kule. Kisha akaanza kuniuliza habari za viti vya wageni. Kwa desturi, mpokeaji ndiye anayeuliza umekosa nini. Yeye hakuuliza. Tukaongea viti. Tukaongea hema. Tukaongea vyoo vya kukodi. Na nyuma ya kichwa chake, ukutani, kwenye fremu, ipo picha yake mwenyewe siku aliyoripoti kazini: kiwiliwili kiko nje, kichwa kiko ndani ya dirisha la duara.

Akaingia Mama Ruth, sekretari, Mmeru mwenzangu, na chai. Akaona glasi. Sinia akaliweka chini, sakafuni.

"Mkuu, haya umeyapokea?"

"Ndiyo. Mazuri, au siyo?"

"Kwa mkono wa kulia?"

"Kwa yote miwili."

"Basi umeshamsamehe," Mama Ruth akasema, akavuta kiti, akakaa. "Sasa muulize amefanya nini."

Nikasema yote. Nilianzia kwa mama wa kitambaa cha njano nikamalizia kwa X. Mkuu alisikiliza, halafu akageuka polepole, polepole, kuangalia ile picha.

"Nguruwe?"

"Nguruwe, Mkuu."

"Wangapi?"

"Wanne."

Mama Ruth alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yanamcheza. Mkuu akasema, "Kwetu Songea nguruwe ana heshima yake. Lakini kichwa changu, mzee!" Akashindwa, akacheka hadi glasi ya isale ikatikisika. Alipotulia akawa mkuu tena. "Kukusamehe nimeshakusamehe, naambiwa sina njia nyingine. Ila stoo siwezi kuiokoa kwa barua yangu. Bodi iliamua, bodi ndiyo itakayobadili, na bodi yote itakutana siku ya sherehe tu. Utawaambia wewe, palepale, mbele ya watu. Ukinyamaza, Jumatatu inabomolewa."

Siku ya jubilei mlikuwepo wengi wenu, lakini mlikuwa mnahangaika na umeme wa spika, hamkuona vizuri. Kwaya iliimba, ng'ombe wawili waliliwa. Kwenye ratiba imeandikwa: Matembezi ya Kihistoria, Mzee Anaeli. Watu kama mia tatu wakanifuata nyuma ya jiko. Mbele kabisa, suti ya bluu, mkuu wa shule mstaafu: Zakayo yuleyule. Kabla sijafungua mdomo akawageukia watu.

"Mimi ni shahidi! Hapa ndipo nilipookolewa!" Akavua miwani, akainama, akaingiza kichwa, na kutoka ndani ikaja sauti nzito: "Zakayo! Zakayo!"

"Zakayo," nikasema, "toka. Hilo ni banda la nguruwe."

Yeye alikuwa bado ndani. Nikaendelea kusema, haraka, kabla ujasiri haujaisha: mwalimu hakuwepo, ndevu hazikuwepo, fidla haikuliwa na mchwa, tundu ni la makombo, mimi ndiye mwongo, naomba radhi. Kisha ndani ya mawe kikaanza kitu kama ngurumo, na kumbe ni Zakayo anacheka. "Anaeli! Hisabati nimefaulu kwa nguruwe?" Mia tatu wakaangua kicheko. Mzee mmoja wa kanisa ilibidi ashikwe kwapani. Mwalimu Neema peke yake hakucheka. Alikuwa anafuta sura ya kwanza.

Nikasema, "Sasa nifuateni," nikawashusha hadi kijitoni. Mlangoni nikavua kofia. Nikawaambia yale ya Mzee Sifaeli, yote niliyoyakumbuka, machache kuliko aliyonipa, na nikawaambia pia kwamba mengine niliyapoteza kwa sababu ya harufu ya makande. Sikuongeza hata nywele moja.

Mwenyekiti wa bodi ni mama mzima, mwenyeji wa mteremko huuhuu. Alisogea akaweka kiganja ukutani, karibu na ile X. "Bibi yangu alikuwa na kibonye utosini," akasema, kwa sauti ya kawaida tu. "Alisema ni mawe ya mtoni. Sikuwahi kumuuliza aliyapeleka wapi." Akamtafuta mkandarasi kwa macho. "Hii rangi inatoka kwa nini?"

"Kwa tina, mama."

"Lete tina."

Wakasugua wote wawili, mama mwenyekiti kwa kitambaa chake. Wanachuo huku nyuma wakaanza kelele, "Na nguruwe abaki! Na nguruwe abaki!" kwa kuwa mitihani ilikuwa imekaribia. Mtaliona bweni jipya: naambiwa limepinda katikati kama kiwiko, linapita kati ya majengo yote mawili. Msimlaumu mchoraji.

Watu walipokuwa wanatawanyika, nilisindikiza kundi dogo hadi getini, Mwalimu Neema pembeni yangu na daftari jipya. Pale kuna ngazi tatu za mawe kwenye nyasi, hazipandi kwenda popote. Dada mmoja mgeni akazipiga picha kwa simu yake.

"Mzee, na hizi ngazi?"

Sijui habari zake. Hakuna anayejua. Lakini nilihisi kitu kinapanda kifuani, kitamu, kimekamilika: bibi harusi, farasi mweupe, daktari wa Kijerumani aliyechelewa siku mbili. Mdomo ukaanza kufunguka. Mwalimu Neema akashusha kalamu kwenye karatasi.

Nikafunga mdomo. Nikatoa mkungu wa funguo mfukoni, nikauweka juu ya daftari lake, nikamwambia, "Sijui."

"Unakwenda wapi, babu?"

Nikapita kati ya nguzo, nikashika njia ya kupanda nyumbani. Nilisikia wanasubiri, wakidhani nimekwenda kuchukua kitu. Sikugeuka, kwa kuwa mdomo wangu naujua, na tangu hapo sijakanyaga tena chuoni.